Mbwa Mgonjwa wa Kupe: Damu Kwanza, Sindano Baadaye

Mara nyingi hapa tunazungumza habari za ng'ombe, mbuzi na kuku. Leo nataka tuzungumze habari za mnyama ambaye kila nyumba inamtegemea lakini wachache wanampeleka kwa mganga wa mifugo. Mnyama huyo ni mbwa.

Najua wengine mtacheka. Mtasema, bwana mifugo leo amekosa la kusema. Lakini jiulize: nani anayelala nje ya zizi lako usiku? Nani anayefukuza nyani na ngedere mahindi yanapokomaa? Nani anayebweka fisi anapopita? Mbwa hatoi maziwa, wala haendi mnadani, lakini ukimkosa ndipo unapojua thamani yake.

Kama una kalamu na karatasi, viweke karibu. Mwishoni nitataja mambo sita ya kukumbuka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja, mfugaji wa mbuzi, aliniita nimtazame mbwa wake. Mbwa alikuwa amekonda, hali chakula, ana homa, na masikio yamejaa kupe. Mimi nilikuwa na haraka, kwani kulikuwa na ng'ombe wa kuchanja kijiji cha pili. Nilimtazama mbwa kwa macho, nikasema huyu ana vimelea vya kupe katika damu. Nikamchoma sindano ile ile ya dawa ya unga wa manjano tunayowapa ng'ombe wenye nagana, nikaenda zangu. Baada ya siku chache mbwa alianza kutokwa damu puani. Haikupita juma moja akafa. Na kabla mwezi haujaisha, fisi waliingia zizini wakachukua mbuzi watatu.

Niliporudi kumpa pole, mama yule hakugomba. Alisema hivi: "Mwanangu, ng'ombe wangu alipougua ulichukua damu yake ukaipima. Mbwa wangu ulimchoma tu."

Maneno hayo sijayasahau. Na ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo: damu ya mbwa aliyeugua kwa sababu ya kupe inatuambia nini, na kwa nini tuitazame kabla ya kumtibu.

Kwanza tumjue adui. Wafugaji wa ng'ombe mnajua kwamba kupe huleta ndigana kali, ndigana baridi, na ugonjwa wa kukojoa damu. Na mbwa naye ana magonjwa yake ya kupe. Hapa kwetu yako matatu ambayo yafaa kuyajua.

La kwanza ni babesia. Ni kimelea kidogo sana kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaana humo, na kuzipasua. Ni ndugu wa kile kimelea kinachomfanya ng'ombe akojoe damu, ila si kile kile. Babesia wa mbwa hamwambukizi ng'ombe, na wa ng'ombe hamwambukizi mbwa. Aina kali zaidi, ambayo iko Afrika kusini ya Sahara, huletwa na kupe wa manjano wa mbwa. Aina nyingine, isiyo kali sana kwa mbwa wakubwa ila mbaya kwa watoto wa mbwa, huletwa na kupe wa kahawia, yule anayepanda ukutani na kujificha katika nyufa za nyumba.

La pili ni erlikia. Huyu ni bakteria, na hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Naye huletwa na kupe wa kahawia. Ugonjwa huu uligunduliwa Algeria mwaka 1935. Katika miaka ya 1960 ulijulikana nchini Kenya kama ugonjwa wa Nairobi wa kutokwa damu, na miaka hiyo hiyo uliwaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani huko Vietnam. Basi si ugonjwa wa mbwa wa kijijini peke yao.

La tatu ni hepatozoni. Hiki ni kimelea cha ajabu kidogo, kwa sababu mbwa hakipati kwa kuumwa na kupe. Hukipata kwa kumla kupe. Mbwa anapojitafuna mwilini kwa kuwashwa, akammeza kupe mwenye kimelea, ndipo anapoambukizwa.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yangu. Magonjwa haya, na hasa mawili ya kwanza, yakitazamwa kwa macho yanafanana sana. Mbwa ana homa. Hataki kula. Amelegea. Ufizi wake, ambao ulikuwa mwekundu kidogo kama ndani ya mdomo wako, sasa umepauka. Mitoki imevimba. Bwana mifugo akiangalia kwa macho tu, anabahatisha kama nilivyobahatisha mimi. Na dawa zake ni tofauti. Dawa inayoua babesia haimgusi erlikia hata kidogo.

Basi ushahidi upatikane wapi? Katika damu.

Jambo la kutazama kwa darubini damu ya mnyama mwenye ugonjwa wa kupe si geni. Mwaka 1888 daktari Victor Babeş wa Romania aliona vimelea katika damu ya ng'ombe wagonjwa, na jina babesia limetokana na jina lake. Mwaka 1893 Wamarekani wawili, Theobald Smith na Fred Kilborne, walitangaza uthibitisho kwamba ugonjwa wa namna hiyo katika ng'ombe unaletwa na kupe. Na mwaka 1901, huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika ya Kusini, mtaalamu wa wadudu wa serikali, Charles Lounsbury, alionyesha kwamba hata ugonjwa wa babesia wa mbwa unaletwa na kupe.

Hata wakubwa walikosea. Daktari mashuhuri Robert Koch wa Ujerumani alikuwa Dar es Salaam kati ya mwaka 1897 na 1898, akatazama damu ya ng'ombe. Aliona vimelea vidogo vidogo ndani ya chembe nyekundu, akadhani ni watoto wa kile kimelea cha kukojoa damu. Kumbe vilikuwa vimelea vya ugonjwa mwingine kabisa, ndigana kali. Ilichukua miaka kadhaa kulitambua kosa hilo. Ikiwa mtu kama yeye, mwenye darubini mkononi, aliweza kuchanganya magonjwa mawili, sembuse mimi na wewe tunaotazama kwa macho matupu?

Sasa tuone damu inapimwaje.

Bwana mifugo humfunga mbwa mdomo kwa utambi wa kitambaa ili asiume, maana mbwa mgonjwa hana adabu hata kwa mwenyewe. Halafu husafisha ukingo wa sikio, hutoboa kidogo kwa sindano safi, na kuchukua tone dogo la damu. Damu ya ukingo wa sikio ni nzuri kwa kazi hii, kwa sababu chembe zenye babesia hupenda kukwama katika mishipa myembamba kama ya hapo. Tone lile huwekwa juu ya kipande cha kioo, kisha husukumwa kwa ukingo wa kioo cha pili, damu ikatandazwa kuwa utando mwembamba. Utando ule hukaushwa kwa hewa mara moja.

Hapa mfugaji una kazi ya kusaidia. Kioo kile kikisha kauka, usikiache wazi. Nzi hupenda kulamba damu, na wakilamba hakuna kitakachosomwa. Kizungushie karatasi safi, kiandikwe jina lako, jina la mbwa na tarehe, kisha kikae mahali pakavu. Usikiweke juani wala karibu na moto. Kioo kilichokauka vizuri kinaweza kusafiri kwa basi hadi maabara. Tanzania, maabara za mifugo za serikali ziko mahali kama Temeke katika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Tabora, Iringa na Mtwara. Bwana mifugo wa kata yako atakuambia iliyo karibu nawe.

Kule maabara, utando hupakwa rangi. Rangi inayotumika sana ni ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa rangi hiyo chembe nyekundu huonekana kama visahani vya rangi ya waridi, na kimelea huonekana cha buluu chenye doa la zambarau. Babesia mkubwa wa mbwa ana umbo la tone la maji au la peasi, na mara nyingi hukaa wawili wawili ndani ya chembe moja, ncha zao zimeelekeana. Mtaalamu akiwaona hao, hana shaka tena.

Lakini kumtafuta kimelea ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuona damu yenyewe imebadilikaje. Hapo ndipo tunapojua mbwa amefika wapi katika ugonjwa wake, na kama ataishi.

Jambo la kwanza ni wingi wa chembe nyekundu. Damu kidogo hutiwa katika mrija mwembamba wa kioo, ukazungushwa kwa nguvu katika mashine kwa dakika chache. Chembe nyekundu, kwa kuwa ni nzito, hukaa chini, na majimaji hubaki juu. Kisha mtaalamu hupima: katika kila sehemu mia za damu, nyekundu ni ngapi? Mbwa mzima huwa na sehemu kati ya 37 na 55. Mbwa mwenye babesia anaweza kushuka hadi 25, hadi 20, na chini ya hapo. Akifika 15 au chini, yuko ukingoni mwa kaburi, na dawa peke yake huenda isitoshe. Huyo huhitaji kuongezewa damu ya mbwa mwingine, kazi ambayo waganga wa mifugo katika hospitali kubwa za wanyama wanaiweza.

Jambo la pili ni rangi ya yale majimaji ya juu. Kwa mbwa mzima, majimaji hayo ni maangavu, hayana rangi ya kusema. Kwa mbwa mwenye babesia kali, huwa mekundu kama maji ya choya, kwa sababu chembe zimepasuka ndani ya mishipa na wekundu wake umemwagika. Au huwa ya manjano, kwa kuwa ini limeelemewa na takataka za chembe zilizokufa. Mbwa wa namna hii hata mkojo wake huwa wa kahawia iliyoiva, kama kahawa. Ukiona mkojo huo nyumbani, usingoje kesho.

Jambo la tatu ni chembe zinazogandisha damu. Hizi ni vipande vidogo sana, na kazi yake ni kuziba mshipa unapokatika. Mbwa mzima ana kama 200,000 hadi 500,000 katika kila milimita moja ya ujazo. Huhitaji mashine kubwa kujua kama zimepungua. Mtaalamu hutazama utando ule ule, na kila mahali anapoelekeza darubini hutegemea kuona kama kumi au zaidi. Akihesabu moja moja au mbili mbili, au hakuna kabisa, anajua kuna hatari. Zikishuka sana, mbwa huanza kutokwa damu puani, au madoa mekundu hutokea tumboni na kwenye ufizi.

Lakini angalieni: chembe hizi hupungua katika babesia, na hupungua katika erlikia vile vile. Kupungua kwake kunatuambia kwamba tatizo lipo, hakutuambii ni la nani. Ndiyo maana haifai kusoma jambo moja tu na kulitolea hukumu.

Jambo la nne ndilo linalosaidia kutenganisha. Ni kama kiwanda cha damu kinafanya kazi. Kiwanda cha damu ni uboho, ule wa ndani ya mifupa. Katika babesia, chembe zinaharibiwa nje lakini kiwanda ni kizima. Baada ya siku tatu hadi tano kiwanda hutambua upungufu na kutoa chembe changa kwa wingi. Hizi ni kubwa kidogo na rangi yake ina ubuluu. Mtaalamu akiziona hufurahi, kwa sababu ni dalili kwamba mbwa anapigana. Lakini katika erlikia iliyokaa muda mrefu, kiwanda chenyewe kimechoka. Chembe nyekundu zinapungua na hakuna changa zinazokuja. Chembe nyeupe nazo zinapungua. Zile za kugandisha damu zimekwisha. Yote matatu yameshuka pamoja. Mbwa wa namna hiyo hali yake ni ngumu, hata akipata dawa nzuri.

Jambo la tano ni chembe nyeupe zenyewe. Ndani yake mtaalamu anaweza kumwona hepatozoni, ambaye ana umbo refu la yai. Erlikia naye hukaa humo, kama kifungu kidogo cha vidoa, lakini huyu huonekana kwa nadra sana. Kwa hiyo, kama hakuonekana, haina maana kwamba hayupo. Siku hizi viko vipimo vingine vya kumtafuta erlikia kwa tone moja la damu, hata kama darubini haikumwona, na waganga wengi wa mijini wanavyo.

Na jambo la sita, kwa mahali penye maabara kubwa, ni kupima figo, ini na sukari. Katika babesia kali sukari ya damu inaweza kushuka sana, na mbwa akazimia. Figo nazo zinaweza kushindwa kazi. Mbwa mwenye matatizo hayo anahitaji mganga, si sindano moja na kwenda nyumbani.

Ndugu wasikilizaji, nirudi kwa yule mama. Majuma machache baadaye mbwa wake wa pili, ndugu wa yule aliyekufa, naye akaacha kula. Safari hii mama alikuja mwenyewe ofisini asubuhi na mapema, mbwa amemfunga kamba. Nilichukua damu ya sikio. Nilichukua na damu nyingine kidogo katika chupa. Majibu yalisema hivi: chembe nyekundu sehemu 30 katika mia, zimepungua lakini si vibaya mno. Majimaji ya juu ni maangavu. Babesia haonekani. Chembe za kugandisha damu ni chache sana. Tukafanya na kile kipimo cha pili, kikaonyesha erlikia. Ndipo nilipofahamu kwamba yule wa kwanza huenda naye aliugua hivyo hivyo, na mimi nilimpa dawa isiyomhusu.

Mbwa huyu wa pili alipewa vidonge vya doksisaiklini kila siku kwa majuma manne. Mama alivificha ndani ya tonge la ugali lenye kipande cha dagaa. Katika siku ya tatu mbwa alikula. Lakini hakuacha vidonge, aliendelea hadi siku ya mwisho. Mpaka sasa mbwa yule analala mlangoni mwa zizi.

Sasa niseme habari za ile dawa ya unga wa manjano, diminazini, kwa sababu najua wengi mnayo majumbani. Ni dawa nzuri kwa babesia ikitolewa kwa kipimo sawa. Lakini kwa mbwa, nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachoua ni nyembamba. Fikirieni: ng'ombe wa kilo 250 ana uzito wa karibu mara 17 ya mbwa wa kilo 15. Mtu akikosea kidogo tu katika bomba la sindano la ng'ombe, kwa mbwa kosa hilo ni kubwa sana. Dawa ikizidi hupanda kwenye ubongo, mbwa akapepesuka, akapata degedege, akafa. Na watu wakasema ameuawa na ugonjwa. Kwa hiyo usimchome mbwa wako masalio ya dawa ya ng'ombe. Mwache mganga ampime uzito na kukadiria.

Kuna sababu nyingine ya kutochoma kabla ya kupima. Dawa ikisha ingia mwilini, vimelea vya babesia vinaweza kutoweka katika damu kwa muda mfupi. Mganga akija kesho kuchukua damu, hataona kitu. Ushahidi umefutwa, na kama mbwa hakupona, hakuna ajuaye kwa nini. Ndiyo maana nasema: damu kwanza, sindano baadaye.

Jambo jingine la hatari. Babesia kali huweza kupanda kichwani. Mbwa akapepesuka, akauma ovyo, akatoa povu. Hii inafanana na kichaa cha mbwa. Ukiona hivyo, usijifanye shujaa wa kusema ni kupe tu. Usimshike, usimfungue mdomo. Waondoe watoto, mfungie mahali kama inawezekana bila kumgusa, na mwite bwana mifugo. Mtu ye yote aliyeumwa, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Na mbwa wote wachanjwe kichaa cha mbwa, ili siku ya mashaka kama hiyo uwe na jambo moja la kukutuliza moyo.

Vile vile, katika maeneo yenye mbung'o, mbwa hupata nagana, na jicho lake huweza kufanya ukungu wa buluu. Ugonjwa huu hauletwi na kupe, lakini kioo kile kile cha damu kinaweza kuuonyesha.

Sasa tuzungumze kinga, maana kinga ni bora kuliko tiba, na kwa mkulima mdogo ni rahisi kuliko tiba.

Mkague mbwa wako kila siku jioni anapopewa chakula. Tazama ndani ya masikio, shingoni, kwapani, na katikati ya vidole. Babesia huhitaji kama siku mbili za kupe kunyonya kabla ya kuingia kwa mbwa. Ukimtoa kupe leo, umevunja safari yake. Erlikia ni mwepesi zaidi, huweza kuingia kwa saa chache, kwa hiyo usitegemee mkono peke yake. Unapotoa kupe, vaa mfuko wa nailoni mkononi, mshike karibu na ngozi, uvute polepole. Usimpasue kwa kucha, maana kupe wa kahawia huweza kumletea hata mtu homa. Mtumbukize katika kopo lenye mafuta ya taa.

Safisha banda. Kupe jike mmoja wa kahawia hutaga maelfu ya mayai, na huyataga ndani ya nyufa, si juu ya mbwa. Kupe mwenye njaa anaweza kungoja humo kwa miezi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili methali hiyo ni kweli neno kwa neno: kandika nyufa za banda na za ukuta wa nyumba kwa udongo au saruji, choma matandiko ya zamani, weka mapya.

Fyeka majani yanayozunguka nyumba, na upunguze panya. Watoto wa kupe wa manjano hukaa juu ya panya wa shambani kabla ya kukua na kumrukia mbwa. Ukiwa na panya wengi na vichaka mlangoni, unamfugia mbwa wako ugonjwa.

Kuhusu dawa ya kuua kupe, muulize mganga wa mifugo dawa ya mbwa na namna ya kuichanganya. Usichote ya josho ukammwagia mbwa bila kupima maji. Dawa ikiwa kali mno, mbwa atakufa kwa sumu. Na kama una paka nyumbani, sema mapema, kwani baadhi ya dawa zinazomfaa mbwa zinamuua paka.

Sasa chukueni kalamu. Mambo sita ya kukumbuka ni haya.

Moja. Mbwa asiyekula, mwenye homa na ufizi uliopauka, apelekwe kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Mbili. Damu ichukuliwe kabla ya dawa yo yote. Kama umekwisha mpa dawa, usifiche, sema ni dawa gani na lini.

Tatu. Kioo cha damu kikauke, kifungwe kwenye karatasi, kilindwe na nzi na maji.

Nne. Mkojo wa rangi ya kahawa, au damu inayotoka puani, ni jambo la haraka. Usingoje siku ya gulio.

Tano. Usimchome mbwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Na ukipewa vidonge vya majuma manne, vimalize vyote, hata kama mbwa anakimbia na kubweka.

Sita. Kagua kupe kila jioni, na uzibe nyufa.

Huenda mtu akauliza, je, gharama ya kumpima mbwa inalipa? Nami namjibu: hesabu mbuzi wako, hesabu mahindi yako ya shamba la mbali, kisha hesabu usiku ngapi umelala usingizi bila kuamka na tochi. Jibu utalipata mwenyewe. Kama wanakijiji kadhaa wana mbwa wagonjwa, mnaweza kupatana na bwana mifugo achukue damu zote siku moja, na vioo vyote vipelekwe maabara kwa nauli moja.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Wewe uliyesikiliza peke yako, mwambie na jirani. Na leo jioni kabla hujalala, mwite mbwa wako, umshike masikio, utazame. Hadi tutakapokutana tena katika kipindi kijacho, nawatakia kazi njema mashambani na mazizini. Kwaherini.